Mgeni Aliyerudishwa Kitini

Zamani, mtu akisimama katika nyumba za Gander, mashariki ya Kanada, na kusema anakwenda zake, alirudishwa kitini mara tatu kabla ya kuufikia mlango; siku hizi anaitiwa teksi hata kikombe chake hakijapoa.

Hedley Blundon alikuwa bingwa wa kurudisha watu vitini. Alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanja wa ndege, mtu mfupi, mpana wa mabega, mikono yake imepasuka kwa baridi. Wakati huo ndege zilizotoka Ulaya hazikuwa na ujanja. Zilitua kwetu kunywa mafuta kabla ya kuendelea Montreal au New York. Leo zinapita juu mno, zinaacha mstari mweupe tu, na waliomo ndani hawana habari kwamba huku chini kuna watu. Hedley alibeba mizigo ya dunia nzima, kisha akarudi nyumbani, akavua viatu, akaketi karibu na jiko la kuni kusubiri mtu aingie. Na mtu aliingia, kwa sababu hakuna aliyebisha hodi wala aliyefunga mlango kwa ufunguo. Hodi ilikuwa ya polisi, au ya mchungaji mgeni ambaye bado hajafundishwa.

Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka ndiko kulikuwa na kazi. Mgeni mwenye adabu alisimama mapema, akavaa koti, akasema, "Basi, mimi nakwenda." Hakuwa anakwenda popote. Ilikuwa njia yake ya kuuliza kama bado anatakiwa. Mwenye nyumba naye alipaswa kumjibu kwa kumnyang'anya kofia.

"Kaa chini, bwana! Umefuata moto?"

"Hapana, Mjomba Hedley, mama watoto ananingoja."

"Kakungoja miaka yote hii, nusu saa itamuua? Effie, mwongeze chai huyu."

Mgeni alikaa. Baada ya kitambo alisimama tena, akakalishwa tena. Aliyeachwa aondoke mara ya kwanza tu aliposimama alikwenda kulalamika mtaa mzima kwamba kwa fulani wamemfukuza. Kila mzee alikuwa mjomba, kila mwanamke mtu mzima alikuwa shangazi, hata kama damu zao hazikukutana popote, na nyumba iliyosifiwa kuliko zote ni ile iliyokuwa ngumu kutoka. Ya Hedley na mkewe Effie ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Machi ya mwaka 1957 ilinyesha mvua ile mbaya, inayoganda kila inapogusa. Waya za simu zilikatika kwa uzito wa barafu. Ndege iliyotoka Lisbon kwenda Montreal ilitua jioni ikiteleza, na hapo hapo ikaambiwa isithubutu kuruka. Abiria walijaza hoteli, wakajaza na vitanda vya mabweni ya zamani ya jeshi. Akabaki mmoja: mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, sanduku lake limefungwa kwa kamba. Karani alimsemesha Kiingereza, akatikisa kichwa. Akamsemesha Kifaransa, akatikisa kichwa.

Jina lake Deolinda. Alikuwa ametoka kijiji cha milimani huko Ureno na kabla ya safari ile hakuwa amepanda hata treni. Alikuwa anamfuata mwanawe wa pekee, Abilio, aliyekuja Kanada kufanya kazi ya reli na akaangukiwa na magogo. Hospitali ilikuwa imepeleka habari kwamba kama mama anataka kumkuta hai, asikawie. Haya yote watu wa Gander waliyajua baadaye. Jioni ile Hedley aliona tu mama wa mtu, amekaa peke yake kwenye benchi, na maji ya barafu yanamchuruzika viatuni.

"Twende, mama," alimwambia, akaliinua sanduku.

"Hedley, huyo hasikii hata neno moja," karani alisema.

"Chai ataisikia."

Ambrose Tizzard, dereva wa gari la uwanja, ndiye aliyewapeleka. Akaahidi kwamba mbingu ikifunguka atakuja mwenyewe kumchukua mgeni.

Effie alipowaona mlangoni alishika kiuno. "Mungu wangu, Hedley, na huyu umemwokota wapi? Ona miguu yake! Ingia, mwanangu, ingia, usisimame hapo kama mdai." Akamvua viatu kwa mikono yake mwenyewe, akaivisha soksi za Hedley miguu ile iliyokufa ganzi, akamwekea mezani chakula kilichokuwapo: samaki mkavu wa chumvi aliyechemshwa, mkate mgumu uliolowekwa, na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka.

Deolinda alimtazama yule samaki. Akamgusa kwa ncha ya kidole, akataja jina lake kwa lugha ya kwao. Maana samaki huyo, aliyevuliwa na kuanikwa kwenye pwani zetu, alipelekwa Ureno kwa meli miaka na miaka, na huko milimani kwao ndiye aliyeliwa sikukuu ya Krismasi.

"Anamjua!" Effie alipiga makofi. "Hedley, anamjua samaki wetu! Si mgeni huyu, ni mtu wa nyumbani!"

Hapo ndipo walipopotea. Kuanzia dakika ile waliamini kwamba wanaelewana.

Baada ya kula, Deolinda alitoa picha kifuani. Kijana mwenye masharubu membamba, amevaa suti ya kuazima. Akaionyesha, akajigonga kifua, akaionyesha tena. Effie akaipokea na kuifuta kwa aproni kwa heshima.

"Mwanao? Mzuri! Kafanana na wewe macho. Na sisi wetu hawa." Akamwonyesha picha za ukutani. "Clarence. Wilf. Na yule mkorofi pale ni Gordon, yuko Toronto, kuandika barua kwake ni kama kung'olewa jino."

Deolinda alitikisa kichwa kwa nguvu. Akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, mwili wote umetulia. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi.

"Masikini," Effie alisema, "usingizi unamwangusha." Akapasha tofali motoni, akalifunga kwa kitambaa cha sufu, akampandisha juu na kumwekea miguuni kitandani, kisha akamfunika hadi kidevuni kama mtoto.

Pale uwanjani alikuwapo fundi mmoja aliyejua Kihispania, na huenda yeye na mama yule wangesikilizana. Hakuna aliyekwenda kumwita. Mtu humtafuta mkalimani akijua kwamba haelewi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekoma. Miti yote ilikuwa imevaa barafu na jua lilikuwa linaipiga hadi macho yanauma. Deolinda alishuka ngazi amekwisha kuvaa, koti limefungwa vifungo vyote, sanduku mkononi. Akaonyesha dirishani, akaonyesha mbinguni, akajionyesha mwenyewe.

"Kaa, mama, kaa," Hedley alisema. Siku ile hakuwa na zamu, alikuwa na moyo mweupe. "Kwanza wapasue barafu kwenye mabawa. Kazi ile naijua mimi. Hawaruki leo kabla ya mchana."

Akamkalisha. Effie akamimina chai, akakata mkate uliotoka jikoni muda ule, akaupaka jemu ya matunda ya porini. Deolinda alikunywa funda moja, akasimama, akasema maneno mafupi, akaelekea mlangoni. Hedley akamshika bega, akamrudisha.

"Ana adabu, unaona?" Effie alisema. "Kama kalelewa hapa hapa."

Aliposimama mara ya tatu alikuwa ameshika kitasa. Hedley alicheka. Akamvua koti, akalitundika msumarini. Akachukua sanduku, akalificha nyuma ya jiko. Kwa watu wetu hakukuwa na heshima kubwa zaidi ya kufichiwa mzigo. Mzee aliyefichiwa kofia yake alisimulia jambo hilo wiki nzima. Deolinda alisimama katikati ya chumba, mikono mitupu, akimtazama mwanamume huyu aliyekuwa anacheka na kumtengea kiti.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Ambrose Tizzard. Deolinda alipoiona kofia yake ya uwanja wa ndege aliruka kama aliyetupiwa kamba majini. Alikuwa amekwisha kuvaa koti, amelitoa na sanduku nyuma ya jiko, kabla Ambrose hajakung'uta viatu.

"Haya, mama yuko tayari? Wameanza kuita watu."

"Ambrose Tizzard," Effie alisema, "utaingia nyumbani kwangu utoke hujatia kitu mdomoni? Mama yako angesemaje?"

Ambrose aliutazama mlango, akautazama mkate. "Basi kikombe kimoja, Shangazi Effie. Cha kusimama."

"Cha kusimama anakunywa farasi. Kaa."

Akakaa. Angefanya nini? Angempeleka mgeni bila kukaa, hadithi ingefika kwa mama yake kabla hajafika uwanjani.

"Bado wanagonga mabawa wale," Hedley alisema.

"Walikuwa na watu wengi leo, Mjomba."

"Hata wangekuwa na jeshi. Nawajua. Watagonga, watavuta sigara, watagonga. Hebu niambie, ni kweli shemeji yako kazamisha farasi?"

"Kazamisha wapi! Kavunja barafu ya bwawa, kaingia hadi shingoni. Tukamvuta kwa kamba watu sita, tukamnywesha ramu nusu chupa. Farasi kapona. Shemeji ndiye alilala siku mbili."

"Kwa baridi?"

"Kwa nusu chupa iliyobaki."

Hedley alicheka hadi akapiga meza. Deolinda alikuwa amesimama mlangoni, sanduku mkononi, akimtazama Ambrose mdomoni, kila anapotafuna. Akasema neno, kwa sauti ya chini. Akalirudia. Akamgusa Ambrose bega.

"Mwambie akae, Ambrose, ananitia kizunguzungu," Hedley alisema.

"Nimwambie kwa lugha gani? Wewe ndiye mwenyeji wake."

Wakacheka tena, na katikati ya kicheko hicho vikombe vikaanza kulia kwenye visahani.

Ambrose aliinua kichwa. "Hiyo siyo yetu. Itakuwa ya London."

Lakini Hedley alizijua injini kwa sauti, kama watu wengine wanavyojua nyayo za watoto wao ngazini. Alitoka nje na soksi. Ndege ilikuwa inapanda juu ya misonobari, mabawa yake safi, yanang'aa, imeelekea magharibi. Alisimama kwenye barafu mpaka haikuonekana tena. Alipoingia, Deolinda hakuwa amelia wala kupiga kelele. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake katikati ya chumba, viganja vimefunguka mapajani, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu.

"Ipo nyingine," Hedley alimwambia, na uso ulikuwa unamwaka. Akainua vidole viwili. "Siku mbili. Si neno, mama. Siku mbili tu."

Deolinda alivitazama vile vidole.

Na wao, Mungu awasamehe, baada ya kuona haya kwa saa moja walianza kufurahi. Mgeni wa siku mbili zaidi! Effie aliwaambia majirani, na jioni nyumba ikajaa. Mmoja alishusha kodiani ya marehemu baba yake Effie kutoka juu ya kabati, mwingine alileta keki ya zabibu. Watu walimwita Deolinda "mama wa Ureno," wakampa kiti cha karibu na moto, wakamwimbia. Alikuwa anapitisha rozari vidoleni chini ya shali.

Shangazi Tryphena, ajuza wa nyumba ya jirani aliyekuwa na jicho moja tu zima, alikaa akimtazama muda mrefu.

"Hii siyo haya," alisema. "Huyu ana msiba."

"Wewe, Shangazi, unaona msiba hata harusini."

"Nimezika watatu. Mkao ule naujua."

"Basi nyamaza, utamharibia furaha mtoto wa watu!" Hedley akasema, akamshika Deolinda mkono, akamwinua wacheze. Watu wakashangilia. Alisimama kwa utii, akageuzwa mara moja, akageuzwa mara ya pili, macho yakiwa juu ya mlango. Kisha Hedley akamrudisha kitini na kumpa chai.

Alipoondoka kweli, Effie alimfungia kipande cha samaki wa chumvi kwa ajili ya njiani, na Deolinda akambusu mashavu yote mawili, maana hata katika hali ile hakusahau adabu ya kwao. Hedley alimpandisha ndege mwenyewe. Akarudi nyumbani kifua mbele. "Hapati mahali duniani atakapofanyiwa vile," alimwambia Effie.

Haikupita muda mrefu. Hedley alikuwa zamu, ndege ya kutoka Montreal kwenda Lisbon imetua kunywa mafuta, na yeye amepelekwa kupakia mifuko ya posta. Alifungua mlango wa chumba cha mizigo. Ndani kulikuwa na kasha refu la mbao, limefunikwa turubai na kufungwa kamba. Alikuwa amekwisha kuyaona makasha ya namna hiyo. Alivua kofia kama alivyozoea, akamwuliza mhudumu wa ndege aliyekuwa amesimama chini akivuta sigara.

"Tunaye nani?"

"Kijana wa Kireno wa reli. Mama yake yumo ukumbini, amevaa nyeusi." Mhudumu alitema tumbaku. "Habari mbaya sana hii, mzee. Alikuwa anamwahi. Akakwama njiani, sijui wapi, ndege ikamwacha. Kafika hospitali asubuhi, kijana alikuwa kafa jioni iliyotangulia. Wauguzi wanasema kila mlango ulipofunguliwa aliuliza kama ni mama."

Hedley aliipakia mifuko yote. Hakuna hata mmoja alioulaza juu ya kasha.

Waliomjua Hedley uzeeni hawaamini kwamba alikuwa mtu wa namna ile. Wao walimjua kama mzee baridi, ambaye mgeni wake akisimama tu naye alikuwa amesimama, amekwisha kulishika koti lake na kufungua mlango. Walisema amekuwa na maringo, wakapunguza kwenda, kisha wakaacha. Hata Gordon alipokuja kutoka Toronto na kusema, kama desturi, "Basi, Baba, mimi nakwenda," alipewa kofia yake, akaenda akiwa na kinyongo ambacho hakikumtoka. Effie alijua sababu na hakuwahi kuitaja. Aliishusha ile kodiani ya marehemu baba yake kutoka juu ya kabati, akampa mtu aende nayo. Siku hizi kila nyumba ya Gander inafanya kama Hedley. Hakuna anayemzuia mgeni. Lakini hawa hawakuumizwa na kitu. Wanataka tu kurudi kwenye televisheni.

Siku ile ya kasha, Hedley alipomaliza kupakia alifunga chumba cha mizigo, akavuka uwanja, akaingia ukumbi wa abiria, mahali ambapo wapakiaji hawakuruhusiwa, na viatu vyake vya mafuta. Deolinda alikuwa peke yake dirishani. Alimtambua. Hedley alisimama mbele yake na kofia mikononi. Alikuwa amefikiria njia nzima atasema nini, na alipofika aligundua kwamba hata angeijua lugha yake asingekuwa na la kusema. Alijipiga kifuani kwa ngumi. Mara moja, kisha mara nyingi.

Deolinda aliushika ule mkono, akauzuia. Hakuna aliyejua kama alimsamehe. Hedley mwenyewe hakuwahi kudai kwamba alisamehewa. Deolinda aliondoa kifurushi chake kwenye kiti cha pili, na Hedley akakaa. Wakakaa hivyo, wanatazama ndege nje ya kioo.

Abiria wa Lisbon wakaitwa. Watu wakasimama, wakapita mbele yao na watoto na mablanketi. Deolinda hakusimama. Hakukuwa na wa kumwahi tena. Wakaitwa mara ya pili. Kila kitu alichofundishwa Hedley tangu mtoto kilimwambia anyamaze, amwache mama akae, na yeye akajua kwamba akinyamaza, yule kijana chini ya turubai atakwenda peke yake. Akainuka. Akalichukua koti lililokuwa juu ya mapaja ya Deolinda, akalifungua, akalishika.

"Mama," alisema, "wakati umefika."

Deolinda aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Hedley alimbebea kifurushi mpaka chini ya ngazi za ndege, akamshika kiwiko hadi kidato cha kwanza. Hapo akarudi nyuma, akavuta vile vigingi vya mbao vilivyozuia magurudumu, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Injini zikanguruma moja baada ya nyingine. Alimwona kwenye dirisha la nyuma. Hakuwa anamtazama yeye wala uwanja; alikuwa ameinama, anatazama sakafu, pale ambapo chini ya miguu yake alilala Abilio. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikapanda juu ya misonobari kuelekea mashariki, na hiyo ndiyo mara ya mwisho Hedley Blundon aliyowaona, mama na mwanawe.